Ujumbe wa afya umeingia kwenye simu ya nani?

Mjamzito anaandikiwa kwamba akiona damu, akiumwa kichwa sana au macho yakiona ukungu, aende kituo cha afya mara moja. Ujumbe wa namna hii huandikwa na wataalamu, maneno yake hupimwa, kisha hutumwa kwa simu bila mpokeaji kulipa hata senti. Sina ugomvi na neno lolote lililomo. Wiki hii nataka tuangalie safari yake baada ya kutumwa, hasa unapoelekea sehemu kama Mkongo, wilayani Rufiji.

Kwa asiyeifahamu, Mkongo iko upande wa kaskazini wa Mto Rufiji, kwenye barabara ya kutoka Kibiti kuelekea Mloka. Makao makuu ya wilaya na hospitali ya wilaya viko Utete, ng'ambo ya mto, na njia fupi ya kufika huko ni kivuko. Ukifuata mto kuelekea baharini unaingia delta, upande wa Wilaya ya Kibiti. Huko vijiji vya kata kama Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Salale viko katikati ya mikoko, na watu husafiri kwa mtumbwi au boti kwa kusubiri maji yajae.

Mwezi Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito au mama mwenye mtoto mchanga alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, akajibu maswali machache kuhusu umri wa mimba au wa mtoto, kisha akawa anapokea ujumbe unaolingana na wiki aliyofikia. Aliambiwa ahudhurie kliniki, alale ndani ya chandarua, apime VVU, ajiandae kujifungulia kwenye kituo. Baba au ndugu naye aliweza kujisajili. Lilikuwa wazo zuri na bado ni zuri, kwa sababu lilitumia kiswaswadu, ile simu ndogo ya kila mtu, wala halikudai mtu awe na intaneti.

Lakini hebu hesabu anachohitaji mama ili ujumbe ule umfae. Simu iwepo, iwe na chaji, na awe sehemu yenye mtandao. Laini iwe yake. Ajue kusoma, na akishasoma aelewe. Baada ya hayo yote awe na uwezo wa kuinuka na kwenda, maana ujumbe haumpi nauli. Mama wa Mikocheni anavuka hatua hizi bila hata kujua kwamba ni hatua. Wa Mkongo anaweza kukwama kwenye yoyote kati yake.

Chukua hilo la laini. Mwaka 2019 serikali ilianza kusajili laini zote kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ilihitajika namba ya kitambulisho cha Taifa. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye safari ya kufuata kitambulisho ni siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, jambo rahisi lilikuwa kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto mkubwa. Katika kliniki za Mkoa wa Pwani mazungumzo kama haya ni ya kawaida kabisa:

“Dada, namba hii uliyoandika kwenye kadi ni yako?”

“Hapana daktari, ni ya baba watoto.”

“Yupo nyumbani?”

“Yuko Mbagala. Atarudi mfungo ukikaribia.”

Mimba iko Rufiji, ujumbe unaingia Mbagala. Baba huyo anaweza kuwa mwema na mwenye kujali, akausoma na kupiga simu nyumbani kwa jirani. Anaweza pia kuuona katikati ya kazi akasema atautazama jioni. Katika takwimu za mradi, ujumbe huo umehesabiwa kuwa umefika.

Kuna upande mwingine wa simu ya kushirikiana ambao unanitia wasiwasi zaidi. Siku hizi vituo vingi hukumbusha wagonjwa tarehe za kuchukua dawa kwa ujumbe mfupi. Kwa mwenye shinikizo la damu si tatizo. Kwa mama aliyeanza dawa za kufubaza VVU na bado hajapata namna ya kumweleza mwenzake, ujumbe mmoja usio na uangalifu kwenye simu ya nyumbani unaweza kumvunjia ndoa au kumletea kipigo, na hatarudi tena kliniki. Simu ya mtu wa mjini huwa na nywila na hulala chini ya mto wake. Simu ya kijijini hulala sebuleni, na mtoto wa darasa la tano ndiye msomaji wa nyumba nzima.

Jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 1970 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ambao ni Tichenor, Donohue na Olien, walieleza kwamba habari mpya zikimwagwa kwenye jamii, wenye elimu na uwezo huzichota haraka kuliko wengine, hivyo tofauti ya maarifa inaweza kupanuka badala ya kupungua. Mwaka uliofuata Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kuwa adimu zaidi pale inapohitajika zaidi. Hawa walikuwa wakizungumzia magazeti na zahanati za miaka hiyo. Ukiweka simu janja mahali pa gazeti, maneno yao hayahitaji kubadilishwa sana. Mimi mwenyewe naandika safu hii nikijua kwamba anayeisoma tayari ana nafasi kuliko asiyeisoma.

Rufiji ina mambo yake pia. Msimu wa kilimo, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Wanakaa huko wiki nyingi, akina mama na watoto wadogo wakiwemo. Simu huchajiwa kwa mwenye sola au hurudishwa kijijini mara moja moja, na muda mwingine huwa imezimwa ili betri isiishe. Kisha kuna wafugaji waliohamia bonde hili na mifugo yao, ambao baadhi ya wake zao huelewa Kiswahili kwa shida. Na kuna mafuriko. Maji ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, mtu aliyekimbia na watoto mgongoni hakuwa na pa kuchaji simu, na huo ndio wakati hasa wa kuhitaji habari za maji salama, kuhara na malaria.

Tuseme basi kwamba vikwazo hivyo vyote vimeondoka, mama ameshika simu na anasoma. Je, ataelewa tulichokusudia?

Mfano ninaoujua vizuri ni degedege. Kwa miaka mingi tumetangaza kwamba malaria ni homa na mtoto mwenye homa apelekwe kituoni. Watu wa Pwani wamelisikia hilo na wanalifuata. Ila kwa bibi wengi wa ukanda huu, degedege si homa. Ni ugonjwa mwingine, una asili yake, unahusishwa na shetani au ndege wa usiku, na tiba yake ni ya kienyeji. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na Kilombero miaka ya 1990 walilieleza jambo hili kwa kina, pamoja na imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo mama anaweza kuwa amepokea ujumbe wa malaria, ameuelewa na ameukubali, na bado mwanawe akianza kukakamaa usiku akapelekwa kwa mganga, kwa sababu ujumbe ulizungumzia homa na haukutaja hiki anachokiona.

Mama huyo si mjinga. Amefuata ulichomwambia. Upungufu uko kwa aliyeandika bila kwenda kuuliza ugonjwa huo unaitwaje nyumbani. Na kwa kuwa wazazi wanasoma hapa, niliseme kikamilifu: degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi huletwa na homa kali, na katika maeneo yetu malaria kali ni chanzo kimojawapo kikubwa. Uti wa mgongo nao unaweza kuleta hali hiyo. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, na uondoke naye kwenda kituoni hapo hapo. Sindano haimuui. Akicheleweshwa ndipo anaweza kufa au kubaki na ulemavu.

Wakati ujumbe wetu wa maandishi unatafuta msomaji, uvumi umeshapita. Sote tunaona uvumi unavyosafiri kwenye makundi ya WhatsApp. Huja kwa sauti ya mtu anayeongea kwa uchungu kama shangazi yako, au kwa picha, na hauhitaji mtu ajue kusoma. Mwenye simu janja mmoja pale kijiweni anaiweka sauti ile juu, wanasikia watu kumi, na jioni kila mmoja ameifikisha nyumbani kwake. Tuliona hivyo wakati wa Uviko-19. Tunaendelea kuona kwa chanjo ya HPV, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Uvumi ulidai inafunga kizazi. Haifungi. Inamkinga msichana na saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa kuua wanawake nchini mwetu, na wengi wao huletwa hospitali kubwa wakiwa wamechelewa sana.

Ninachojifunza kwa waenezaji wa uvumi ni kwamba wanaijua hadhira yao. Wanatumia sauti, lugha ya nyumbani na mtu anayefahamika. Sisi tunatuma herufi mia moja na sitini kutoka kwenye namba isiyopokea majibu.

Hapa ndipo Rufiji yenyewe inapotufundisha, na sijui kwa nini tunaisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na shirika la utafiti la Canada, IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Kuanzia mwaka 1998 watu walipita nyumba kwa nyumba Rufiji, kila baada ya miezi minne, kituo chao kikiwa Ikwiriri. Waliuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na alikuwa anaumwaje. Majibu yalipangwa kwa michoro rahisi ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma mezani. Ikaonekana kwamba malaria na magonjwa mengine ya watoto yalikuwa yakiua sana huku yakipata sehemu ndogo ya bajeti. Fedha zikahamishwa, pakaongezwa kidogo, watumishi wakafundishwa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya dalili moja moja, na vyandarua vikasambazwa. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Wakati huo karibu hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi Rufiji. Habari zilitembea kwa miguu. Zaidi ya hapo, zilitoka kwenye nyumba kwenda kwa wenye bajeti, sio kutoka kwa wenye bajeti kwenda kwenye nyumba peke yake. Kwangu mimi tofauti hiyo ndiyo kubwa kuliko ile ya karatasi na simu. Mifumo mingi ya kidijitali tunayosifia leo inamwambia mama la kufanya, na haina pa kupokea jibu lake kwamba kivuko kimesimama, dawa zimekwisha, au ujumbe unaingia kwa mtu mwingine.

Baadaye, kati ya mwaka 2011 na 2014, Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha mradi wa Connect katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Wawezeshaji wa afya ya jamii, WAJA, walifundishwa miezi tisa, wakalipwa mshahara na kurudishwa vijijini kwao. Hawa walijua dungu la nani liko wapi. Mradi ulikuwa na muda wake, na muda ukaisha. Huu ndio ugonjwa wa miradi yetu, ya simu na ya miguu sawasawa, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 tulikumbushwa kwa mshtuko ni mambo mangapi ya afya yalikuwa yanaishi kwa fedha za mwingine.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ukiniuliza pesa ya afya ya kidijitali iwekwe wapi, nitasema iwekwe kwenye mkono wa mhudumu huyo. Simu yenye chaji na sola apewe yeye. Ujumbe uingie kwake, aufikishe kwa mdomo, na awe na namba ya kituo inayopokelewa anapouliza. Kijiji kizima hakihitaji simu janja ili kupata faida ya simu janja, mradi aliyenayo awe analipwa kwa wakati. Asipolipwa atakwenda shamba kama wenzake, na hakuna wa kumlaumu.

Simu ikiunganishwa na kitu cha kushika, inaokoa watu. Mfumo wa m-mama ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kuupeleka nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo, unazungumza na mtu, na yeye anatafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa jamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga hadi siku 28. Hapa sauti inatosha, kusoma si lazima, na nyuma ya namba kuna gari. Swali la watu wa delta ni la haki kabisa: kwetu ni boti ya nani, na maji yakiwa yamekupwa? Viongozi wa kata waliulize hilo kwenye vikao vya halmashauri kabla ya mvua, sio usiku ambao mama ametokwa na damu.

Kwa mzazi anayesoma, au anayesomewa, haya yako ndani ya uwezo wako. Ukiandikishwa kliniki, sema wazi namba ni ya nani. Kama ni ya mume aliye mbali, toa na namba ya pili ya mtu unayemwamini aliye karibu. Kama hutaki ujumbe wa dawa fulani uingie kwenye simu ya nyumbani, mwambie muuguzi. Ni haki yako na hulazimiki kueleza sababu. Muulize pia maneno usiyoyaelewa kwenye kadi kabla hujaondoka, kisha umrudishie kwa maneno yako alivyokuambia, mkubaliane.

Ukitumiwa sauti inayotisha kuhusu chanjo au dawa, usiisambaze kabla hujapiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au hujamuuliza mhudumu wa kituo chako.

Baba uliye Mbagala, Kariakoo au popote, ujumbe wa kliniki ukiingia, piga nyumbani saa hiyo hiyo na umsomee mwenzio wote mpaka mwisho. Dalili zisizosubiri kwa mjamzito ni kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, tumbo kuuma sana, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza. Kwa mtoto mchanga ni kushindwa kunyonya, kupumua haraka au kifua kuingia ndani, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kulegea, degedege, kitovu kutoa usaha, na manjano yaliyofika kwenye nyayo. Na kabla ya msimu wa shamba, mjue mapema ni nani jirani na dungu lenu mwenye simu yenye chaji, na mwenye mtumbwi ni nani.